Mkoma Aliyetoweka: Juu ya Wasifu wa Fransisko wa Assisi

Wasomaji wengi hudhani kuwa maisha ya mtakatifu ni habari moja tu, na kwamba kila mwandishi huipokea na kuinakili. Maisha ya Fransisko wa Assisi, mwana wa mfanyabiashara wa nguo aliyeuacha utajiri wa baba yake akashika ufukara, yatuonyesha kinyume. Katika makala haya tunalinganisha maandishi manne juu ya tukio moja: kukutana kwake na wakoma. Hatukusudii kuupima utakatifu wake, maana hiyo si kazi ya mhakiki. Twataka kuona kalamu ilifanya nini.

Andiko la kwanza ni Wosia wa Fransisko mwenyewe, wa mwaka 1226, mwaka aliofariki. Humo wakoma ndio wanaotangulia, kabla hajataja makanisa wala ndugu zake. Asema kwa maneno machache kwamba kuwaona kulimchukiza, kwamba Mungu alimpeleka katikati yao, naye akawatendea huruma, hata uchungu ukawa utamu. Hamna farasi wala muujiza. Wakoma ni wengi, nao hawaondoki.

La pili ni la Tomaso wa Celano, aliyeandika mwaka 1228 na 1229 kwa agizo la Papa Gregori IX. Yeye amweka Fransisko miongoni mwa wakoma akiwaosha vidonda, kisha aongeza habari ya mkoma mmoja aliyebusiwa njiani. Lakini katika wasifu wake wa pili, uliokamilika 1247, Tomaso huyo huyo aisimulia habari hiyo upya. Fransisko ashuka farasi, ampa mkoma fedha na kumbusu, apanda tena, ageuka kutazama: uwanda ni mweupe, mtu hayupo. Bonaventura, mkuu wa shirika, aliushika usimulizi huo katika wasifu wake wa mwaka 1263.

Kwa upande wa fani, hapana shaka badiliko hili lina nguvu. Lina taharuki, na humwachia msomaji akisie ni nani hasa aliyebusiwa. Lakini maudhui yamelipa gharama. Mkoma aliyetoweka hana kidonda cha kuoshwa kesho; amekuwa ishara, na ishara haiombi chakula. Ufukara, ambao katika Wosia ni kuishi na watu, hapa waelekea kuwa ushindi wa shujaa mmoja juu ya kinyaa chake.

Tusimwonee Bonaventura. Mahali pengine katika kitabu chake aeleza jinsi Fransisko alivyowahudumia wakoma. Tena aliongoza shirika lililogawanyika: wako waliotaka ufukara ushikwe kwa ukali wote, na wako waliotaka ulegezwe. Wasifu mmoja ungeweza kuwapatanisha. Hata hivyo, mkutano mkuu wa shirika uliofanyika Paris mwaka 1266 ulipoamuru masimulizi ya awali yaharibiwe, upatanisho ulinunuliwa kwa kufuta. Kama baadhi ya nakala zisingalisalia, hasa katika monasteri za mashirika mengine, leo tusingaliweza kufanya ulinganishi huu.

Jambo hili latugusa sisi walimu wa Kiswahili. Mara nyingi twampa mwanafunzi wasifu wa mtu mashuhuri, kisha twamwuliza: alizaliwa lini, alitenda nini, twajifunza nini kwake? Maswali hayo hayatoshi. Hatuna budi kuongeza mengine: ni nani aliyeagiza kitabu hiki kiandikwe? Mhusika mwenyewe alisema nini? Na ni akina nani waliokuwapo katika maisha yake, lakini hawamo tena katika kurasa? Tunawaalika wenzetu wajaribu maswali haya darasani kwa wasifu wowote walio nao, na waanze na ule wanaoupenda zaidi.