Mizani ya Chombo Kidogo

Ushairi wa pwani umekipa chombo cha bahari heshima kubwa. Katika beti zetu chombo huwa dola, huwa ndoa, huwa nafsi ya mja inayosubiri upepo wa Mola wake. Mithali nazo hazikukisahau: dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini chombo hicho kina mdogo wake ambaye wahakiki wetu wamempita bila ya salamu. Ni chombo cha mfano: jahazi la urefu wa dhiraa moja, ngalawa ya shibiri, mtepe uliotulia ndani ya kabati la kioo. Tunavitazama, tunasema ni vizuri, tunaondoka. Neno "vizuri" likiachwa peke yake halijawa uhakiki. Makala haya yanauliza chombo kidogo kihukumiwe kwa kigezo gani, na kwa nini hukumu hiyo isicheleweshwe.

Tuanzie Dunda, kata ya mji wa Bagamoyo iliyo ufukoni, ng'ambo ya mkondo unaotutenga sisi wa Unguja na Mrima. Hapo, karibu na soko la samaki na jengo la forodha la mwaka 1895, vyombo vya mbao bado hukaa mchangani vikisubiri maji yajae, na mafundi bado huvitia kalafati. Mji huohuo una wachongaji, na tangu mwaka 1981 umekuwa na chuo cha sanaa, ambacho mwaka 2007 kilifanywa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kwa hiyo ni pahala ambapo fundi wa chombo kikubwa na fundi wa chombo kidogo wanaweza kusikia nyundo ya mwenziwe. Mtu angetarajia kazi zao zizungumze lugha moja. Aghalabu hazizungumzi.

Vyombo vidogo vya pwani yetu vina makao matatu: meza ya muuzaji, kabati la makumbusho, na maji. Tuvitembelee kwa zamu.

Chombo cha mezani kimeundwa kwa ajili ya mgeni. Mbao zake zimepigwa msasa zikang'aa, vanishi imekolea, tanga limekazwa kama ngozi ya ngoma. Lakini likague. Mara nyingi foromali imegandishwa kwa gundi juu ya mlingoti, haina jarari ya kuipandishia, wala tanga halina demani ya kulizuia. Nahodha wa chombo hicho, lau angekuwepo, asingeweza kubisha, maana tanga halina njia ya kuhamia upande wa pili. Tumbo ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa nje tu. Ndani hamna taruma hata moja. Hanamu nayo haina kwao. Jahazi la Lamu hanamu yake husimama karibu wima, na jahazi la Unguja hanamu yake hulalia mbele. Hii iko baina ya mbili hizo, na kibandiko kinakiita chombo chote kwa lile jina la Kiingereza linalojumlisha vyombo vyetu vyote bila ya kukitambua hata kimoja. Ni kama shairi ambalo vina vyake vya kati na vya mwisho havina kasoro, lakini ukilisoma mpaka kituo hukuambiwa jambo.

Hata hivyo, si haki kumtupia mchongaji lawama yote. Yeye ana watoto wa kulisha, na mnunuzi wake hataki kujua jarari ni nini. Anataka kitu kitakachoingia katika begi lake. Msomaji asiyejua arudhi humzoesha mshairi uvivu. Mkono wa mchongaji unaweza zaidi ya hayo, na dalili yake ni namna anavyoufuata mkondo wa mti pale ambapo hakuna aliyemhimiza. Kasoro iko katika swali analoulizwa, ambalo ni moja tu: bei gani?

Katika kabati la makumbusho swali ni jingine: kilikuwaje? Hapa mtepe ndio shahidi mkubwa. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari, ukavutwa na tanga la mkeka lenye pembe nne, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka baharini. James Hornell alichapisha makala juu yake mwaka 1941, A. H. J. Prins aliandika juu ya ubaharia wa Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965, Sailing from Lamu. Lakini maandishi peke yake hayatoshi kukuonyesha umbo. Tulichonacho leo kinatokana na maelezo hayo, na picha za zamani, na mifano midogo ya mbao iliyohifadhiwa. Mtu ambaye jina lake hatulitaji alikaa akashona kitu cha kuweza kubebwa mikononi, na kazi yake imeishi kuliko vyombo vyenyewe.

Mwaka 2003 Unguja iliunda mtepe mzima, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuondoka na roho za watu. Siku hiyo tulikumbushwa kwamba hata nakala kubwa inahitaji nakala, na kwamba kumbukumbu ya bahari haifai kuwekwa chini ya dari moja.

Lakini kabati nalo lina upungufu wake. Katika chombo cha kushonwa mbao hutangulia na mataruma hufuata. Mfano uliofungwa vizuri kwa nje huificha siri hiyo. Huko Uingereza, kuanzia karne ya 17, mafundi wa manowari waliunda mifano ambayo sehemu ya chini ya ubavu iliachwa bila mbao, ili mataruma yaonekane na yahesabike; mingi imehifadhiwa Greenwich. Walijua kwamba mfano ni maelezo, na maelezo hayafunikwi.

Sasa tuje majini. Watoto wa ufukoni, Bagamoyo kama katika fuko zetu za Unguja, huunda vingalawa vya mti mwepesi na kuvishindanisha. Kwa muda mrefu tanga lilikuwa la mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tanga likabidi litafutwe katika kitambaa na kiroba. Mgeni huviona vingalawa hivi kuwa ni vibovu: mirengu imezidi urefu, ndubi zimetanuka kupita kiasi, tanga halina ulinganifu na mwili. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kutulia kabla ya kutoa hukumu.

Tuseme mtu anaipunguza ngalawa mara 10 kwa kila upande, kwa uaminifu kamili. Urefu umepungua mara 10, lakini eneo la tanga limepungua mara 100, na uzito wa chombo mara 1,000. Upepo haukupunguzwa, ni kusi ileile inayomsukuma mvuvi mtu mzima. Nguvu ya kukilaza chombo hutokana na eneo la tanga na kimo chake. Nguvu ya kukiinua hutokana na uzito wa chombo na upana wake. Ya kwanza imepungua mara 1,000, na ya pili mara 10,000. Basi ngalawa ndogo iliyo sahihi kwa kila kipimo ni dhaifu mara 10 mbele ya upepo uleule. Ukiitia majini, inapinduka.

Mtoto wa ufukoni hakuandika hesabu hiyo, lakini anaijua kwa mikono. Kwa hiyo anaongeza mirengu na kupunguza tanga. Wapenzi wa mashairi watalitambua tendo hili. Mirengu imefanyiwa mazida, tanga limefanyiwa inkisari, na yote mawili ni kwa ajili ya mizani. Kama mshairi anavyoruhusiwa kulirefusha au kulikata neno ili mshororo usimame, ndivyo mtoto anavyokiuka kipimo ili chombo kisimame. Alichokiita mgeni ubovu ni idhini ya kishairi iliyotumiwa mahali pake.

Na tazama jinsi wanavyohakikiana. Vyombo viwili vinaachwa pamoja, kimoja kinakwenda, kimoja kinalala ubavu. Hakuna anayesema "kizuri". Mwenye kilicholala anasogeza ndubi upana wa kidole, anakirudisha majini, na wenziwe wanamwambia waziwazi bado tanga limemzidi. Aliyeshinda haufichi ujuzi wake, maana uko mbele ya macho yao. Ni malumbano kama ya washairi wetu, ila hapa mwamuzi ni upepo, naye hanunuliki.

Basi kigezo chetu ni hiki: chombo kidogo kihukumiwe kwa swali kinaloweza kulijibu. Cha kabatini kinajibu kilikuwaje, lakini hakiwezi kukuambia kinakwendaje. Cha mtoto kinajibu kinakwendaje, lakini hakiwezi kukuonyesha ubao umeungwa vipi na ubao. Cha mezani, ingawa kina mkono hodari kuliko vyote, mara nyingi hakijaulizwa kitu. Mizani ya vina na mizani ya duka ni neno moja, lakini hazipimi kitu kimoja.

Kwa nini jambo hili si mchezo tu? Kwa sababu fundi wa jahazi wa pwani hii huunda kwa jicho. Hana ramani ya karatasi; mkuku, fashini na mkunjo wa kila taruma viko kichwani mwake na katika viganja vyake. Akiondoka hakuachi maandishi. Lakini mfano ulioundwa kwa kanuni, wanda mmoja kwa kila dhiraa, upande mmoja ukiachwa wazi, jarari na demani zikifanya kazi, ni kitabu ambacho hata fundi asiyeandika anaweza kukiandika. Mchongaji wa Dunda ana mkono wa kukiunda, na fundi wa ufukoni ana maneno ya kukijaza. Kinachokosekana ni baraza ya kuwakutanisha.

Baraza hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ufuko, siku moja ya upepo wa kiasi, mchongaji, fundi na watoto. Kila mmoja alete chombo chake, ataje jina la kila sehemu kwa Kiswahili, aandike jina lake na mwaka chini ya mkuku, kisha akabidhi kazi yake ikosolewe na wenziwe. Taasisi iliyopo Bagamoyo, yenye tamasha lake la kila mwaka, ingeweza kuipa nafasi. Nasi wapenzi wa ushairi tuna wajibu mdogo lakini wa lazima: tukisimama mbele ya meza ya muuzaji, tuulize demani iko wapi. Mchongaji akiulizwa hivyo na wanunuzi wengi, ataitia.