Keria Tupu

Baba yangu alistaafu mwaka 2019, akiwa na miaka 60 kamili, baada ya ukarani wa muda mrefu katika ofisi moja ya umma hapa Tanga. Mafao yake yalichelewa, yakaja, yakaezeka nyumba ya Makorora, yakalipa deni, yakaisha. Kilichobaki ni pensheni ya kila mwezi na baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, ambayo umri wake ni kama wangu.

Kila siku baada ya swala ya alasiri anaitoa nje, anaifuta vumbi, anajaza upepo tairi la nyuma, anapanda. Anakatiza barabara za namba pale Ngamiani, anavuka reli, anaingia mjini, anashuka hadi Raskazone. Akifika anaiegemeza ukutani, anatazama bahari kama robo saa hivi, kisha anageuza. Magharibi inamkuta nyumbani.

Hapeleki kitu wala haleti kitu. Na hapo ndipo penye shida. Tanga hatushangai baiskeli, tumezaliwa tumezikuta. Lakini baiskeli yetu ina mzigo: mikate asubuhi, samaki mchana, gunia la mkaa, madumu ya maji, mtoto wa shule kwenye bomba la mbele. Mzee wa miaka sitini na kitu anayeendesha baiskeli yenye keria tupu, jioni, pole pole, huku anaitikia shikamoo za watu, huyo haeleweki. Ama kafilisika, ama watoto wake wamemtupa.

Nilipigiwa simu Dar es Salaam na shangazi. "Nyie watoto hamna kazi? Kaka yangu anahangaika na baiskeli mji mzima, mnamtazama tu?" Niliona aibu, sitadanganya. Nikampigia baba, nikamwambia nitakuwa namtumia nauli ya bajaji kila wiki. Akacheka. "Itume tu, mwanangu. Nitanunulia tairi."

Mimi ni mwandishi wa habari, na nikishindwa kumwelewa mtu hukimbilia vitabu. Basi nikajiuliza: fasihi imemfanyia nini mzee mwenye keria tupu? Nilichokipata si kingi, lakini kimenifundisha kusoma upya vitabu ambavyo nilidhani navijua.

Nilianza nyumbani, kwa mwana-Tanga mwenzetu Shaaban Robert. Nani asiyekijua Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini? Kichwa chake tu kinamwahidi mstaafu kitu. Mwandishi alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, kama baba yangu, akihamishwa hapa na pale. Nikadhani nitakuta jioni za mtu aliyemaliza kazi. Sikuzikuta. Nilikuta kazi, ndoa, misiba, uhamisho, na juu ya yote wosia: utenzi kwa binti, utenzi kwa mwana. Ni kitabu kikubwa, na heshima yake iko palepale. Lakini ndani yake kuishi miaka mingi ni kukusanya, na kilichokusanywa lazima kigawiwe. Hakuna saa inayopita bure.

Tumtendee haki, alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53 tu. Uzee wenyewe hakuupata. Aliyetufundisha namna ya kuandika maisha kwa Kiswahili hakuwahi kuwa mzee, na sisi tuliomfuata tukauandika uzee kwa kukisia. Angalia riwaya na tamthilia tulizosoma shuleni. Mzee amekaa. Yuko barazani, yuko chini ya mwembe, anacheza bao, anatoa methali. Vijana wakikwama wanamfuata, anawapa neno, wanaondoka. Akiinuka ni kwenda hospitali au kaburini. Ni ghala la busara, na ghala halitembei. Sasa mzee akipanda baiskeli kwa raha zake tunafanyaje? Hatuna sentensi ya kumpokelea.

Nikaenda mbali kidogo, kwa Dervla Murphy wa Ireland. Huyu bibi alizaliwa mwaka 1931, na mwaka 1963 alitoka kwao kwa baiskeli hadi India, safari iliyozaa kitabu chake cha kwanza, Full Tilt. Lakini kinachotuhusu hapa ni The Ukimwi Road, kilichotoka mwaka 1993. Neno letu, tena neno baya kuliko yote ya miaka ile, limekaa kwenye jalada la kitabu cha Kiingereza. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, Murphy alianzia Kenya akaendesha kupitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe. Nia yake ilikuwa mapumziko. Alitaka kupanda baiskeli na kuacha barabara impeleke, mbali na siasa na vita alivyokuwa akiviandikia.

Haikuwa. Kila aliposimama kunywa kitu au kutafuta pa kulala, mazungumzo yaligeukia ugonjwa. Watu walikuwa wanazika. Mapumziko yakageuka ushahidi, na jina la kitabu likabadilika likawa jina la msiba.

Nakipenda kitabu hiki kwa sababu moja kubwa: kinajua baiskeli ni nini. Mgeni akija na gari anateremka na maswali yake tayari. Akija na baiskeli anafika ametota jasho, ana kiu, anahitaji maji na kivuli, na anayehitaji kitu anaongeleshwa tofauti. Umri nao unamsaidia. Mama wa makamo mwenye vumbi miguuni haogopwi. Kurasa zake bora ni zile ambazo yeye anasikiliza na wenyeji ndio wanaozungumza, na hasira yake juu ya mashirika ya misaada inatoka kwenye alichokiona barabarani.

Udhaifu wake unatokea pale anapoacha kusikiliza. Hapo anaanza kusema Afrika hivi, Magharibi vile, kama vile mtu anaweza kulijua bara zima kwa sababu alipita pembeni yake kwa kasi ya baiskeli. Barabara kutoka Nairobi hadi Zimbabwe ni ndefu, lakini bado ni mstari mmoja. Kuna ukurasa nilitamani kumwambia, bibi, panda tu, tuendelee.

Kuna jambo jingine ambalo silihesabu kuwa kosa lake, ila limenisumbua zaidi. Murphy alitoka na keria tupu akarudi amebeba. Nyie ambao hamkuiona miaka ile muulizeni mtu wa Kagera. Asingeweza kupita kimya, na angefanya hivyo tusingemsamehe. Lakini matokeo yake ni kwamba hata kitabu hiki, kilichoanza na mtu mzima anayetaka kupumzika kwa magurudumu mawili, hakikuthubutu kubaki hapo. Ilibidi baiskeli iwe na sababu. Shangazi yangu angekielewa vizuri sana.

Sisi wa magazetini ni wabaya zaidi. Mwaka 2017, Mfaransa Robert Marchand, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja uwanjani, na dunia nzima ikaandika. Ni habari njema, sina ugomvi nayo. Lakini tazama tulichokipenda: namba. Mzee anaruhusiwa kupanda baiskeli mradi avunje rekodi, au achangishe fedha, au daktari awe amemwandikia kwa ajili ya presha. Yaani raha yake ipitishwe kwanza na kamati.

Niliyemkuta na keria tupu kabisa ni mtu ambaye sikumtarajia: Leo Tolstoy. Mapema mwaka 1895 alifiwa na mwanawe wa mwisho, Vanichka, ambaye hakuwa ametimiza miaka 7. Majira ya kuchipua ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 66, mzee yule mwenye ndevu, aliyekwisha kuacha nyama na pombe na kuihubiria Ulaya habari ya maisha ya dhiki, akaanza kujifunza kuendesha baiskeli ndani ya jengo la Manege, Moscow. Baiskeli yake bado ipo, imehifadhiwa katika nyumba yake ya Khamovniki, ambayo sasa ni makumbusho.

Wafuasi walishtuka. Mwalimu wa toba, kwenye chuma kile cha starehe! Tolstoy akajitetea kwenye shajara yake kwa maneno machache: kwamba haoni ubaya wa kufurahi kama mtoto, na kwamba watu watakavyomwona si kitu. Basi. Hakujenga falsafa juu yake. Yeye ambaye angeweza kuandika kijitabu kizima kuhusu jambo lolote aliipitia baiskeli kwa mistari kadhaa tu.

Ninavyosoma mimi, ufupi huo ndio uzito wake. Angeweza kutuambia kwamba alipanda baiskeli ili asahau kifo cha mtoto. Wanaosimulia kisa hiki leo hupenda kumalizia hivyo, wakamfunga Vanichka kwenye keria ya baba yake. Tolstoy hakumfunga. Msiba aliuandika kwa upande wake, na baiskeli kwa upande wake, akaviacha vikae katika shajara moja bila kamba. Nadhani huo ndio ukweli wa umri huo, kwamba mtu anaweza kuwa na kaburi bichi na bado akafurahia upepo usoni saa kumi jioni, bila kimoja kuwa dawa ya kingine.

Najua kuna pingamizi. Tolstoy alikuwa lodi mwenye mashamba. Murphy alikuwa na pasipoti iliyofungua mipaka. Raha ya baiskeli ni raha ya mtu aliye na kitu kingine cha kupanda akichoka, na kwa mstaafu wetu aliyebanwa na kikokotoo baiskeli si starehe, ni kukosa nauli. Pingamizi hili lina nguvu, na mwandishi atakayeandika kuhusu baiskeli za wazee wa Tanga bila kutaja pensheni atakuwa anapamba. Lakini nalo lina kiburi chake. Linasema maskini hawezi kuchagua hata pale anapochagua mbele ya macho yetu. Baba angeweza kukaa barazani bure. Angeweza kutumia nauli niliyomtumia. Alinunua tairi. Tukisoma tendo lake kama dhiki tu, tumemnyang'anya kitu ambacho hata pensheni ndogo haikumnyang'anya.

Ninachoidai fasihi yetu ni kidogo. Sitaki mzee shujaa. Nataka hadithi moja ambamo mstaafu anatoka nyumbani, cheni inalia, fundi baiskeli wa kona anamtania, anafika baharini, anarudi, na mwandishi anamwacha arudi salama bila kumpa wosia wa kutamka wala ajali ya kumfundisha kijana. Ni vigumu kuliko inavyoonekana. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nilijikuta namwekea kitu kwenye keria.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, The Ukimwi Road kikiwa juu ya meza. Baba alikuwa ameshaondoka na Phoenix yake. Mama, ambaye naye amestaafu, alikuwa muuguzi, akakigeuza kitabu mkononi akauliza kinahusu nini. Nikamweleza.

"Alikuwa na miaka mingapi huyo?"

"Sitini, mama."

"Na mumewe alimruhusu?"

"Hakuwahi kuolewa. Alikuwa na binti mmoja."

Akanyamaza, akakirudisha mezani. "Mimi nilikuwa najua kuendesha," akasema. "Tena vizuri. Nilikuwa naenda nayo shule, baiskeli ya babu yako ile ya bomba. Nilipoolewa ikaonekana haipendezi."

Miaka yote hii ninaandika kuhusu aibu ya baba, na hili sikuwahi kulijua. Nikamuuliza kama bado anaweza.

"Wewe," akasema, "na kanga hizi?" Kisha akaenda mlangoni akachungulia barabarani, kama kuona kama Phoenix inarudi.