Pongezi kwa Wafumuaji wa Ifo

Tangu kambi ya Ifo, huko Dadaab, Kenya, ifunguliwe mwaka 1991 kwa wakimbizi wa Somalia, hata makopo ya mafuta ya msaada yamepasuliwa na kunyooshwa yakawa milango na kuta za vibanda. Wanaojua kufumua kibanda bila kuvunja kitu wanastahili pongezi: huanza na turubai, wakaja kwenye mabati yenye makali, miti ikawa ya mwisho kwa kuwa ndiyo iliyobeba vyote.

Wapo watakaosema huo ni ufukara, si ufundi. Sikubali. Wanawake wa Kisomali walifumua aqal, nyumba ya wafugaji wahamaji, zamani sana kabla ya kambi, tena katika familia zenye ngamia wengi. Mikeka huvuliwa, kamba hufunguliwa badala ya kukatwa, na miti iliyopindwa huingia kwenye shehena ya ngamia, ikisaidia kushikilia mizigo mingine. Ghala gani lingetunza vifaa vizuri kuliko hivyo? Na kandokando ya Ifo, ambako wanawake wameshambuliwa wakitafuta kuni, nguzo iliyotunzwa humwepushia mtu safari ya porini kukata nyingine. Mashirika yanayogawa vifaa vya ujenzi yawalipe wanawake wanaojua kufumua wawafundishe vijana.