Matanga ya Rubani: Wasifu wa Bessie Coleman Mbele ya Watoto wa Ndosho

Vitabu vya wasifu wa wanawake waliotangulia katika urubani, ambavyo vimeandikiwa watoto kwa wingi huko Marekani na Ulaya, vina mwenendo unaojirudia: msichana anatazama juu, anakatazwa, anakataa kukatazwa, anaruka. Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza mwenendo huo kupitia vitabu vitatu, na hasa kimoja kimhusucho Bessie Coleman. Msikilizaji tuliyemweka akilini ni mtoto wa Ndosho, mtaa ulio magharibi mwa Goma kando ya barabara iendayo Sake. Mtoto huyu hahitaji kuambiwa kwamba ndege huanguka. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa ikaingia katika maduka na nyumba za Birere; tarehe 24 Novemba 2019 nyingine, ndogo, iliangukia nyumba za Mapendo. Hata aliyezaliwa baadaye ameyasikia hayo jikoni kwao.

Tuanze na Night Flight cha Robert Burleigh, kilichotoka mwaka 2011 kikiwa na michoro ya Wendell Minor. Kinasimulia safari moja tu ya Amelia Earhart, ya kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Newfoundland mwezi Mei 1932, hadi alipotua malishoni huko Ireland ya Kaskazini. Lugha yake ni ya kishairi, na dhoruba yake inatisha kwelikweli. Lakini kwa kuchagua usiku huo mmoja, masimulizi yanafika salama kwenye majani, na Julai 1937, Earhart alipotoweka juu ya Pasifiki pamoja na Fred Noonan, inabaki nje yake. Mwandishi ana haki ya kuchagua. Msomaji naye ana haki ya kuuliza ni nini kilichoachwa.

Uteuzi wa ajabu zaidi unamhusu rubani aliyelelewa katika ukanda wetu. Beryl Markham alikulia Njoro, nchini Kenya, akajifunza urubani huko huko, na mnamo Septemba 1936 akaivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, safari iliyoishia kwa ndege kuchoma pua yake katika tope la Nova Scotia. Kitabu cha picha kiitwacho The Good Lion, alichokitengeneza Don Brown mwaka 2005 kutokana na kumbukumbu za Markham mwenyewe, kimechukua nini katika maisha hayo? Simba aliyemshambulia utotoni. Kisa ni cha kweli na kinasisimua, wala hatukikatai. Ila inaonekana kwamba Afrika inapofikishwa kwa mtoto wa mbali, simba hutangulia na ndege ikangoja.

Talkin' About Bessie cha Nikki Grimes, kilichochorwa na E. B. Lewis na kutolewa mwaka 2002, kinakwenda kinyume cha mwenendo huo. Kinaanzia mwishoni. Bessie amekwisha kufa. Waombolezaji wamekusanyika sebuleni Chicago, na kila mmoja anasema kwa utenzi mfupi alivyomjua: jamaa, mwalimu, mwandishi wa habari na wengineo. Msomaji wa Kimarekani huenda akaiona hiyo kuwa mbinu ya kifasihi. Kwetu ni matanga. Tulipowasomea watoto wa jirani zetu Ndosho, tukitafsiri papo kwa papo, hakuna aliyehitaji maelezo ya kwa nini watu wengi wanasema kwa zamu juu ya mtu asiyekuwapo. Walijua pia kwamba katika kilio si kila asemaye humsifu marehemu, na kwamba kweli hupatikana kwa kuyaweka pamoja maneno ya wengi.

Kuna sehemu nyingine iliyowagusa kuliko tulivyotazamia. Bessie Coleman alizaliwa Texas mwaka 1892, akachuma pamba, akahamia Chicago na kufanya kazi ya kutengeneza kucha. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa mweusi na mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa. Naye akajifunza Kifaransa kwanza, ndipo akasafiri mwaka 1920. Tarehe 15 Juni 1921 alipata leseni yake. Kwa watoto hawa Kifaransa ni lugha ya madaftari na ya kuadhibiwa. Kumwona mtu mzima akikitafuta kwa hiari ili apate ndege kuliwachekesha, kisha kukawanyamazisha.

Tafsiri ndiyo iliyotutoa jasho. Kiswahili sanifu humtenganisha kiumbe na chombo kwa upatanisho: ndege anaruka, ndege inaruka. Katika mazungumzo ya mitaa yetu, ambako wengi husema ndeke, upatanisho huo mara nyingi haushikwi. Basi kumfananisha rubani na ndege hakuleti taswira yoyote, huleta mkanganyiko. Neno rubani lenyewe lilitoka baharini, kwa waongoza vyombo wa pwani, na halina jinsia. Hili ni faida. Mwandishi wa Kiswahili halazimiki kusema "rubani mwanamke" katika kila ukurasa kana kwamba anaomba radhi.

Lakini kiambishi a- kinatutega pale penye uzito zaidi. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville, Bessie hakuwa akiendesha. Aliyeendesha ni fundi wake, William Wills. Bessie aliketi nyuma bila kujifunga mkanda ili aweze kuinama na kuukagua uwanja ambapo angeruka kwa mwavuli kesho yake. Spana ilinasa katika mitambo ya usukani, ndege ikapinduka, Bessie akatupwa nje. Wills akafa ndege ilipogonga ardhi. Tukisema tu "alikuwa akiendesha, akaanguka," tumewafanya watu wawili kuwa mmoja, na lawama imemwendea asiyestahili. Hapo majina lazima yarudiwe, hata kama sentensi itakuwa nzito. Vilevile kuruka angani, kuruka kwa mwavuli na kuanguka ni vitenzi visivyoweza kuachwa vigongane. Sisi tulitumia kuendesha kwa kazi ya rubani, kama isemwavyo kwa lori, na hakuna aliyepotea njia.

Tulipofika hapo msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, iliangukia nyumba ya nani?" Swali hilo hatukulikuta katika mwongozo wowote wa kufundishia. Tulimjibu kwamba haikuangukia mtaa wa watu. Akauliza tena kama yule fundi naye alifanyiwa matanga.

Tafsiri ya tenzi za mwanzo tumekwisha kuianza kwa ajili ya darasa letu la fasihi ya watoto. Tumeandika matanga, si mazishi, na sentensi ya Jacksonville bado ina majina mawili.