Kabati la Zana la Magurudumu: Hesabu ya Droo Iliyojaa

Kabati la zana la magurudumu ni sanduku la chuma lenye droo pana za kimo kifupi, lililokalishwa juu ya magurudumu manne ili zana zilifuate gari, fundi asiwe anakwenda na kurudi. Asili yake ni gereji za Marekani, ambako kwa desturi fundi hujinunulia zana zake na huondoka nazo anapobadili mwajiri. Kampuni ya Snap-on, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1920, ilianza kwa kuuza mikono 5 iliyoweza kuvishwa vichwa 10 vya boksi spana, yaani spana 50 kwa vipande 15. Kadiri seti za namna hiyo zilivyoongezeka, sanduku la kubeba mkononi lilielemewa. Leo makabati hayo huuzwa pia kwa mwenye nyumba anayebadili mwenyewe oili, plagi na pedi za breki za gari lake, na hutajwa kwa upana wa inchi: 26, 36, 46, 52 au 56.

Dukani jicho huenda kwanza kwenye upana, idadi ya droo na mng'ao wa rangi. Hayo matatu ndiyo yanayosema machache zaidi. Kabati hujaribiwa dukani likiwa tupu, na kabati tupu halina ugomvi na mtu: droo zake huteleza, magurudumu yake hugeuka, kuta zake hazipindi. Tofauti hujitokeza zana zikishaingia.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye droo iliyojaa. Droo yenye upana wa sentimita 100, kina cha sentimita 40 kwenda ndani na kimo cha sentimita 7.5 ina ujazo wa lita 30. Lita moja ya chuma ina uzito wa kilo 7.85. Zana zikipangwa kwa kawaida, na mianya mingi katikati, hata chuma kikichukua robo tu ya ujazo huo, droo itabeba karibu kilo 59. Makabati mengi ya nyumbani hutangaza kilo 45 kwa droo. Ina maana droo pana inaweza kuzidiwa na spana tu, kabla mtu hajaweka nyundo wala kivutio cha beringi.

Uzito huo wote hubebwa na reli mbili, moja kila upande wa droo, nazo ndizo sehemu inayostahili kukaguliwa kuliko zote. Reli za bei nafuu ni vipande viwili vya bati vinavyosuguana. Zikipakwa grisi huteleza vizuri kwa muda, kisha vumbi huganda kwenye grisi hiyo na droo huanza kukwama. Zinazofuata zina vijigurudumu vya plastiki, na hizi zinatosha kwa kabati la nguo au la jikoni. Kwa zana, zinazofaa ni reli za gololi, ambazo kati ya kipande kimoja cha chuma na kingine kuna safu ya gololi ndogo zinazosambaza mzigo. Namba ya uwezo inayotangazwa ni ya jozi, si ya reli moja, na huchukulia kwamba mzigo umetandazwa sawasawa. Jeki iliyowekwa kona moja ya mbele haifuati dhana hiyo.

Kuna pia suala la urefu wa kufunguka. Reli isiyofunguka yote huacha sehemu ya nyuma ya droo ikiwa imefichwa ndani ya kabati, na zana zilizo huko huishia kusahauliwa. Mtu hununua bisibisi ya pili akiwa na ya kwanza sentimita 10 nyuma ya mkono wake. Reli inayofunguka kikamilifu huondoa tatizo hilo. Kipimo cha dukani ni rahisi: droo ivutwe hadi mwisho, ukingo wake wa mbele ukandamizwe chini kwa kiganja, kisha usukumwe kushoto na kulia. Droo pana ivutwe pia kwa kushika kona moja tu. Ikipinda na kukwama, hiyo ndiyo tabia yake ya kila siku, kwa sababu mtu aliyeshika nati kwa mkono mmoja hafungui droo kwa mikono miwili.

Baada ya reli huja bati lenyewe. Unene wake hutajwa kwa geji, kipimo ambacho wajenzi wa Afrika Mashariki wanakijua kutokana na mabati ya kuezekea: namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Bati la geji 28 la paa lina unene wa yapata milimita 0.38. Makabati ya zana hutumia geji 22, ambayo ni kama milimita 0.76, geji 20 yenye milimita 0.91, au geji 18 yenye milimita 1.2. Mara nyingi tangazo hutaja geji ya fremu peke yake, ilhali droo na ukuta wa nyuma ni bati jembamba zaidi. Shahidi wa kweli ni uzito wa kabati tupu. Meta moja ya mraba ya geji 18 ina uzito wa kilo 9.5, ya geji 22 kilo 6. Makabati mawili ya vipimo sawa yakipishana sana uzito, chuma kimepungua mahali fulani katika lile jepesi, hata kama hapaonekani. Hata hivyo, unene si kila kitu. Bati lililokunjwa kingo mara mbili, au lenye kuta mbili pembeni, hukataa kupinda kuliko bati nene lililoachwa wazi, na pembe zilizochomelewa hudumu kuliko zilizofungwa kwa skrubu.

Magurudumu yana kanuni yake. Kabati lina magurudumu manne, lakini sakafu ya saruji si kioo. Kwenye sehemu isiyo sawa, gurudumu moja huning'inia na matatu hubaki na mzigo wote. Ndiyo maana mafundi wa magurudumu hugawa uzito kwa tatu, hawagawi kwa nne. Kabati la kilo 80 lenye zana za kilo 250 lina jumla ya kilo 330, hivyo kila gurudumu liwe na uwezo wa kilo 110 au zaidi. Tangazo linalochukua uwezo wa gurudumu moja na kuuzidisha kwa nne limefanya hesabu ya sakafu isiyokuwepo.

Kipenyo kina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua kizingiti cha mlango chenye kimo cha milimita 10 tu, na magurudumu mawili ya mbele yaliyobeba nusu ya kabati hilo, yaani kilo 165. Gurudumu la inchi 3 likikikuta kizingiti likiwa limesimama, linahitaji msukumo unaolingana na uzito wa kilo 151 ili kupanda. La inchi 5 linahitaji kilo 105. Namba zote mbili ni kubwa kwa mtu mmoja, na zinaeleza kwa nini makabati mazito huvukishwa vizingiti kwa ubao uliolazwa kimteremko, lakini pia zinaonyesha kwamba inchi mbili za kipenyo zimepunguza kazi kwa karibu theluthi. Inchi 5 ndiyo kiwango cha chini kinachofaa kwa kabati litakalosogezwa kweli. Kuhusu kitu ambacho gurudumu limetengenezwa nacho, poliyurethani huvumilia mafuta na haiachi alama sakafuni. Mpira laini ni mtulivu, ila huliwa na oili na hubonyea ukisimama miezi sehemu moja. Plastiki ngumu husimama kabisa ikikutana na kokoto.

Sakafu ya banda la gari hujengwa ikiinama kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke, mara nyingi kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila meta. Kwa mteremko wa sentimita 2, kabati la kilo 330 huvutwa kuteremka kwa nguvu ya kilo 6.6 muda wote, mchana na usiku. Breki kwenye magurudumu mawili si pambo. Breki iliyo bora hufunga mzunguko wa gurudumu na pia ugeukaji wake. Inayofunga mzunguko pekee huacha kabati likiyumba kichwa.

Hatari kubwa kuliko zote, ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa popote, ni kabati kupinduka mbele. Kabati tupu la kilo 70 lenye kina cha sentimita 46 lina kitovu cha uzito katikati, sentimita 23 kutoka usoni. Magurudumu yake ya mbele yakiwa sentimita 5 nyuma ya uso, kitovu hicho kiko sentimita 18 nyuma ya magurudumu. Zidisha 70 kwa 18, inapatikana 1,260 upande wa kulishikilia. Sasa ifunguliwe droo moja yenye kilo 45: katikati yake inafika kama sentimita 25 mbele ya magurudumu, na 45 mara 25 ni 1,125. Kabati linasimama, kwa shida. Droo ya pili yenye mzigo kama huo ikifunguliwa, upande wa kuangusha unafika 2,250. Mzigo wa droo zilizofungwa huongeza upande wa kushikilia, hivyo wakati mbaya zaidi ni siku ya kwanza ya kupanga, mtu anapojaza droo moja baada ya nyingine akiziacha wazi. Droo za chini zijazwe kwanza, moja moja, kila moja ikifungwa kabla ya nyingine. Baadhi ya makabati yana komeo la ndani linaloruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati mmoja. Nyumba yenye watoto wanaoweza kupanda droo kama ngazi isinunue kabati lisilo na komeo hilo, au ilifunge kabati ukutani.

Ukubwa upimwe sakafuni. Zana zote zitandazwe chini kwa makundi, safu moja bila kupandiana, na eneo lake lipimwe kwa sentimita za mraba. Droo hutoa eneo. Ujazo una maana kwa droo ya chini tu, panapokaa mashine ya kutobolea na zana kubwa. Hapa kina kina faida kuliko upana. Kabati la kina cha sentimita 61 badala ya 46 huchukua urefu uleule wa ukuta, lakini kila droo hupata zaidi ya theluthi ya eneo juu ya ile ya awali. Ipimwe pia zana iliyo ndefu kuliko zote, kwa kawaida ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza nati, kwa sababu kabati la inchi 26 huenda lisiilaze. Sanduku la pili la kuweka juu huonekana kama nyongeza ya bure, ila hupandisha kitovu cha uzito na hufuta meza ya kufanyia kazi. Kabati moja lenye kimo cha karibu meta moja na ubao juu hutumika zaidi.

Kitasa huzuia watoto na mikono ya kupita. Kwa mwizi, kabati lenye magurudumu tayari limepakiwa, hivyo mnyororo kwenye pete iliyozikwa katika saruji una kazi kuliko ufunguo.

Katika mji wa pwani kama Mombasa, Tanga au Zanzibar, adui wa kudumu ni hewa yenye unyevu na chumvi. Rangi ya unga iliyookwa kwenye tanuri hulinda vizuri ikiwa nzima, na kutu huanzia palipokwaruzwa, kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu. Mkwaruzo upakwe rangi wiki hiyohiyo. Zulia la droo liwe la mpira usionyonya; sponji hushika unyevu na kuulaza chini ya spana.

Anayeona bei ya kabati la dukani ni kubwa anaweza kuchongesha. Fundi wa kuchomelea wa jua kali huweza kuunda fremu ya bomba za mraba na droo za bati, na reli za gololi za kilo 45 kwa jozi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya samani. Kinachoangusha kazi hizi ni kipimo kimoja: reli za aina hiyo huhitaji nafasi ya milimita 12.7 kila upande, hivyo droo iwe nyembamba kuliko uwazi wake kwa milimita 25.4. Joto la kuchomelea huvuta fremu, na milimita 2 za kuvutwa zinatosha kukwamisha gololi. Fremu ishikizwe kwanza kwa nukta, ipimwe pembe kwa pembe, imaliziwe kuchomelewa, ipoe, ndipo uwazi upimwe upya na droo zikatwe.

Fedha isipotosha vyote, ukubwa ndio wa kukatwa. Kwa bei ileile, kabati la inchi 36 lenye reli za gololi zinazofunguka zote, bati la geji 18 kwenye fremu na magurudumu ya inchi 5 ni ununuzi bora kuliko la inchi 56 lenye bati jembamba na reli za kusuguana.