Mgeni Njoo, Lakini kwa Masharti

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi, nao hawakosei. Lakini yapo maandishi mengine ambayo hakuna anayeyahakiki, ingawa ndiyo yanayotuongoza kila siku: tangazo lililobandikwa mlangoni pa zahanati, kanuni za chama cha kuweka na kukopa, fomu ya kuombea kiwanja. Maandishi hayo hayana shujaa wala kisa. Hata hivyo yana mwandishi na yana msomaji, na aghalabu mmoja wao yuko ndani na mwingine yuko nje, anasubiri kufunguliwa.

Katika insha hii nakusudia kuhakiki aina moja ya maandishi hayo, nayo ni miongozo wanayoandikiwa watu wanaotaka kusaidia kurekebisha programu huria za kompyuta. Msomaji asishtuke. Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mwalimu niliyesomea kazi hiyo chuoni, nikafundisha, nikawa mkuu wa shule, nikastaafu, na sasa nakaa hapa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Mjukuu wangu anayesomea mambo ya kompyuta ndiye aliyenichapishia miongozo hiyo kwenye karatasi, maana macho yangu hayapatani na kioo cha simu. Nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma maandalio ya masomo ya walimu wangu, kalamu mkononi.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa na watu. Programu nyingi za kuuzwa hufichwa maagizo yake, kama mganga afichavyo mizizi yake. Programu huria huachwa wazi: yeyote anaweza kuyasoma maagizo, kuyanakili, na akiona kosa kulisahihisha. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu programu ya asili ilikuwa huria.

Sahihisho dogo linalopelekwa kwa wenye programu mafundi hulilinganisha na kiraka, nami napenda neno hilo. Lakini kiraka kibaya huharibu nguo. Wamatengo wa milimani kwetu wanalijua hilo kwa njia yao. Anayekuja kusaidia kulima ngoro hachimbi apendapo. Majani yamekwisha kulazwa kwa miraba, naye huchimba katikati ya mraba na kufukia majani kwa udongo anaoutoa. Akiuvunja mpangilio, mvua ya kwanza itapita palepale na kulibeba shamba la mwenzake aliye chini. Ndiyo maana wenye programu huria huandika masharti kabla ya kupokea jembe la mgeni.

Nimeichagua programu moja iliyo karibu nasi, OpenMRS, ambayo hutunza kumbukumbu za wagonjwa. Historia yake imeanzia Afrika Mashariki. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia kompyuta kutunza habari za wagonjwa. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana katika kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Wakaona kwamba mfumo ule wa kwanza usingeweza kubeba idadi ya wagonjwa iliyokuwa inakuja, nao pamoja na wenzao wakaanza kujenga OpenMRS. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwanda na Afrika Kusini. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu yake.

Basi tusome masharti yao tukikumbuka kwamba mwisho wa safari ya kiraka hiki yuko mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki. Kiraka kikikosewa, huenda tarehe yake ya kurudi ikapotea, au dawa ikaandikwa kwa mtu mwingine.

Masharti yenyewe ni mepesi kueleza. Kila tatizo la programu hupewa namba na kuandikwa katika orodha ya wazi. Mgeni huchagua tatizo, hujiandikisha kwamba amelichukua ili wawili wasifanye kazi moja, hutengeneza kwenye nakala yake mwenyewe bila kugusa ile ya wote, kisha huleta sahihisho lake likiwa na namba ileile, ili wenyeji walikague. Yako matatizo mepesi yaliyotengwa makusudi kwa ajili ya wanaoanza. Hapo nilitia alama ya vema. Chuoni tulifundishwa kumtoa mwanafunzi kwenye analolijua kumpeleka kwenye asilolijua, na mwongozo huu unafanya hivyo bila kuhubiri.

Kilichonifurahisha zaidi ni fomu ambayo wenye kiini cha programu hiyo waliiandaa kwa ajili ya mleta kiraka. Ina visanduku vya kutia alama: kwamba kazi imeletwa kama badiliko moja tu, kwamba mpangilio wa maandishi umefuata desturi ya nyumba, kwamba yameandikwa majaribio ya kuthibitisha kazi. Fomu za namna hiyo tunazo tele ofisini. Tofauti ni kwamba hapa, chini ya kisanduku, mwandishi anauliza: Hapana? Kisha anamwonyesha msomaji mahali pa kujifunza namna ya kulifanya jambo lile. Msomaji mpenzi, angalia uzito wa neno hilo moja. Fomu za kwetu zikipata jibu la hapana humrudisha mtu nyumbani. Hii inalichukua jibu la hapana kuwa mwanzo wa somo. Aliyeandika vile alikuwa na moyo wa ualimu, awe amesomea au hakusomea.

Nimeilinganisha fomu hiyo na mwongozo mkongwe zaidi, ule wa Linux, mfumo ulioanzishwa na kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Huu ni mrefu, na sauti yake ni ya mzee aliyechoka kuulizwa swali moja kila siku. Lakini una sifa moja kubwa: unapenda kutoa sababu. Unamtaka mtu aeleze tatizo kabla ya kueleza dawa, kwa kuwa mkaguzi asiyelijua tatizo hawezi kujua kama dawa inafaa. Unamwambia kila kiraka kitatue tatizo moja, na maelezo yakianza kurefuka ajue kwamba huenda kiraka kinahitaji kugawanywa. Laiti waandishi wa ripoti zetu wangeyasikia hayo!

Tena kila kiraka cha Linux hutiwa jina la aliyekileta, kama sahihi ya kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Desturi hiyo iliwekwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi Marekani mwaka 2003 ikidai kwamba mali yake imeingizwa humo. Na si mleta kiraka peke yake anayetajwa. Pana nafasi ya aliyeripoti kosa, aliyejaribu na aliyekagua. Huo ni uungwana. Katika shughuli zetu nyingi aliyeliona tatizo husahaulika mara tu fundi anapofika.

Baada ya sifa, sasa nitoe kasoro, maana uhakiki wa sifa tupu ni risala ya kumpongeza mgeni rasmi.

Kasoro kubwa ya miongozo mingi ya namna hii ni kwamba inamfunga mmoja tu. Hata ile fomu niliyoisifu, visanduku vyake ni vya mleta kiraka. Hakuna kisanduku cha mpokeaji. Hakuna mahali anapotia alama kwamba amesoma, kwamba amejibu, kwamba akikataa ametoa sababu. Katika jambo hili Linux imejitahidi kidogo: inamwambia mgeni kwamba kwa kawaida majibu huja katika wiki mbili au tatu, na kwamba angoje angalau wiki moja kabla ya kukumbusha. Hiyo bado si ahadi, ila ni kipimo, na mtu mwenye kipimo hukaa kwa utulivu.

Kwa nini nalikazania hili? Mjukuu wangu alikuta katika programu moja ya kutunza kumbukumbu, ambayo sitaitaja, kosa la tafsiri ya Kiswahili. Kitufe cha kuliacha jambo bila kulitimiza kilikuwa kimeandikwa «Futa», na kitufe cha kuiondoa kumbukumbu nacho kimeandikwa «Futa». Mtu aliyetaka kuahirisha tu angeweza kufuta habari zote. Kijana akabadili cha kwanza kikawa «Ghairi». Neno moja. Alifuata masharti yote, akapeleka. Hakujibiwa. Baada ya miezi minne alipata ujumbe uliotumwa na mashine: ombi limefungwa kwa kuwa limekaa muda mrefu bila lolote kutendeka.

Tazama mantiki ya sharti hilo. Aliyenyamaza ni mwenyeji, lakini anayefungiwa mlango kwa sababu ya kimya hicho ni mgeni. Ni kama mwalimu akae na daftari la mwanafunzi muhula mzima bila kulisahihisha, halafu amwandikie sifuri kwa kutoleta kazi. Kijana hakulalamika, alicheka tu. Mimi sikucheka, kwa sababu najua kicheko hicho mwisho wake ni nini. Mtoto asiyesahihishiwa daftari mara ya tatu huacha kuandika, na hapo tumempoteza, naye wala hagombi na mtu.

Nawasikia wenye programu wakinijibu: Mwalimu, sisi ni wachache, wengi wetu hatulipwi, na viraka vinakuja kama mvua ya masika. Ni kweli, tena mlango usiolindwa ni hatari. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba katika xz, programu huria ya kubana mafaili, palikuwa pamepandikizwa mlango wa siri. Aliyeupandikiza alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akileta viraka vizuri, huku mtunzaji aliyechoka akisukumwa na watu wasiojulikana apunguze mzigo. Andres Freund aliugundua kwa kuona tu kwamba kompyuta inachelewa kama nusu sekunde kumfungulia mtu. Basi sisemi masharti yalegezwe. Kisa hicho chenyewe chanionyesha kwamba mwongozo usiomtaja mpokeaji haumlindi hata yeye. Haumwambii lini aombe msaidizi, lini aseme nimechoka, nani ashike zamu. Shule inayomtegemea mwalimu mmoja haina siri kwa adui. Atangoja tu siku mwalimu atakapougua.

Kasoro ya pili ni lugha. Miongozo yote miwili niliyoisoma imeandikwa kwa Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, kwani watu wa mataifa mengi hawana budi kukutana mahali. Lakini anayejua kwamba «Futa» na «Ghairi» si kitu kimoja ni karani wa zahanati anayetumia programu kwa Kiswahili kila siku. Huyo ndiye shahidi tunayemhitaji, na masharti ya kutoa ushahidi yamewekwa kwa lugha asiyoiweza. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye kueleza namna ya kuripoti kosa kwa maneno ya kawaida, ungeleta mengi. Kazi hiyo wala tusiwangoje wageni. Vijana wa vyuo vyetu wanaweza kuuandika, na walimu wa Kiswahili wakausahihisha.

Kama ningeombwa kuongeza sentensi katika miongozo hiyo, zingekuwa hizi: Tutakujibu katika wiki tatu, hata kama jibu ni kwamba bado hatujasoma. Tukikataa kazi yako tutakueleza kwa nini. Kimya chetu hakitahesabiwa kuwa kosa lako. Haziongezi gharama yoyote katika programu, na mtu anaweza kuzisoma kwa pumzi moja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje bila kubisha hodi, wala hawakusema mwenyeji anyamaze akisikia hodi. Ni haki ya wenye programu kuuliza anayebisha ni nani na amebeba nini. Ila wakishauliza, na yule wa nje akajibu kila swali, wanawiwa jibu. Kule kliniki mama yule bado ameketi kwenye benchi, karani anatafuta kumbukumbu zake, na vitufe viwili mbele yake vimeandikwa neno lilelile.