Penseli ya Mwalimu

Mwalimu hatumii kalamu nyekundu. Ana penseli aliyoichonga kwa wembe, na kifutio amekifunga uzi kwenye faili kisipotee. Alifundisha uandishi wa Kiingereza chuo kikuu hadi alipostaafu, na sasa wanafunzi wa uzamili humfuata nyumbani kwake Sinza na rasimu za tasnifu ndani ya bahasha za kaki. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilihitimu zamani, lakini bado naenda, siku hizi kwa kumtazama tu akifanya kazi.

Siku ya kwanza haandiki kitu. Anasoma rasimu yote, penseli iko mezani. Zamani hilo liliniudhi, maana nilitaka nionyeshwe makosa yangu yaishe. "Mwanangu," aliniambia, "nikikuwekea mkato leo kwenye aya ambayo kesho nitakuambia uifute, nitakuwa nimekupotezea siku mbili." Siku ya pili anarudi mwanzo, na pembeni mwa kila aya anaandika kwa maneno machache aya hiyo inasema nini. Ikimshinda, anaweka alama ya kuuliza na kwenda mbele. Rasimu yangu ya sura ya pili ilirudi na alama kumi na moja. Hakuwa amegusa sentensi hata moja, na nusu ya sura niliifuta mwenyewe.

Sarufi inakuja mwisho, na sehemu kubwa ya sarufi anaimaliza haraka. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna makosa yetu tunayoyajua: tunaandika "equipments" kwa kuwa kwetu kuna kifaa na vifaa, tunachanganya "he" na "she" kwa kuwa yeye ni yeye. Hayo anayapigia mstari bila maelezo.

Kwenye "the" ndipo anapokaa. Mwezi uliopita alikuja kijana aliyewahoji wakulima 40 katika vijiji viwili. Alikuwa ameandika "Farmers rejected the new seed", yaani wakulima walikataa mbegu mpya. Programu ya kompyuta ilikuwa imeipitisha sentensi hiyo, na kisarufi haina kosa. Mwalimu aliweka penseli chini.

"Nimesoma kitabu. Nimekisoma kitabu. Tofauti iko wapi?"

Kijana hakufikiri hata kidogo. "Hicho cha pili ni kitabu tunachokijua wote wawili, Mwalimu."

"Na hawa wakulima wako, ni wakulima gani?"

"Wale 40."

"Mbona hapa umewasemea wakulima wote chini ya jua?"

Kijana aliicheka sentensi yake, akaongeza "the" mwenyewe. Nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi ya Kiingereza na sijaona mahali neno hilo linafundishwa kwa ki- ya Kiswahili. Sarufi aliyokuwa nayo tangu utotoni ndiyo iliyomfungulia sarufi aliyoihangaikia tangu kidato cha kwanza.

Mstari uliofuata ulikuwa na "proves". Hapo Mwalimu ana ngazi yake: kuthibitisha, kuonyesha, kuashiria, kudokeza. Humtaka mwandishi apande hadi pale ushahidi wake unapomfikisha, asipite. Vijiji viwili vinafika "suggests". Lakini pia huwarudisha juu waoga, wale wanaoandika kwamba huenda inawezekana pengine mvua ilichangia, wakati jedwali lao lenyewe linapiga kelele. Kwangu mimi huu ndio uhodari wake mkubwa, kwa sababu lazima ausome utafiti wenyewe ndipo ajue kitenzi kina haki ya kusema kwa sauti kiasi gani.

Mwanafunzi akilalamika kwamba hii ni rasimu ya nne, humkumbusha Darwin. Kitabu chake cha asili ya spishi kilitoka mwaka 1859, naye akaendelea kukitengeneza hadi toleo la 6 la mwaka 1872. Neno "evolution" lenyewe lilianza kuonekana katika toleo hilo la 6. Malalamiko huishia hapo.

Jioni ile alipokuja kijana wa mbegu, nilimwona Mwalimu akifanya kitu kingine. Karibu na mwisho wa sura kulikuwa na sentensi ndefu kuhusu wanawake wanaohifadhi mbegu juu ya moshi wa jiko. Mwalimu aliigawa mara mbili, akahamisha kitenzi, ikawa Kiingereza laini kama chake. Akaisoma kwa sauti. Akasoma na ile ya kijana, kwa sauti vilevile. Kisha akavuta uzi wa kifutio, akafuta kila alichoandika, akapuliza mabaki ya kifutio.

"Haikuwa na kosa," alisema. "Ila tu haikuwa yangu."

Tasnifu imeshakwenda kujalidiwa. Sentensi ya moshi imo, na urefu wake uleule.